Yatima Aliyemuuliza Mjomba

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, maana ndiyo siku niliyomwona mtu mzima akiogopa swali la mtoto.

Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na shangazi Tabu, dada yake baba, nje kidogo ya Kiomboi. Shangazi alikuwa mkali. Ukichelewa kisimani utajieleza, ukitoroka shule chakula utakisikia harufu tu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na shangazi hakuwa na mpango wa kulia.

Lakini tulipokaa uani kupura alizeti aligeuka mtu mwingine. "Hadithi, hadithi!" alikuwa akisema, nami naitikia, "Hadithi njoo!" Watu walisema hadithi hazisimuliwi mchana, yeye hakujali. Na zake zote zilikuwa za yatima jasiri na mlezi mbaya. Mara yatima katumwa kuteka maji kwenye ziwa lenye chatu, mara kafungiwa ghalani, akatoboa ukuta na kukimbia porini penye fisi. Na huyo mlezi mbaya, mara nyingi, alikuwa nani? Shangazi!

Jambo hilo lilinisumbua sana. Mimi yatima, yeye shangazi, mbona anajisema vibaya kwa kinywa chake mwenyewe? Siku hiyo nikashindwa kujizuia.

"Shangazi, kwa nini mashangazi wa hadithi zako wote ni wabaya?"

Akaacha kupura. Nikadhani fimbo inahamia mgongoni mwangu. Kumbe anacheka.

"Ili umtambue ukikutana naye. Na ili nami nishtuke nikianza kufanana naye."

Nilitaka kuuliza zaidi, lakini mtu akabisha hodi. Alikuwa mjomba Hamisi, binamu yake marehemu mama. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, vitu vya dukani vikaanza kuonekana hata kwetu, naye alikuwa akinunua kuku vijijini na kuwapeleka Dar es Salaam. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha, akafungua begi. Sabuni ya kunukia. Pipi. Gauni jekundu lenye mkanda.

Mwanangu, sitakudanganya, moyo wangu ulimhama shangazi palepale. Mlezi mbaya niliyemjua mimi kwenye hadithi alikuwa na kucha ndefu na macho ya fisi. Huyu alikuwa na meno meupe, na alinukia.

"Dada Tabu," alisema, "huu mzigo umekulemea. Nipe mtoto nikae naye Dar. Mke wangu kajifungua juzi, watafurahi pamoja. Na shule atasoma za mjini."

Shangazi alinigeukia mimi.

"Umesikia. Maisha ni yako. Muulize mjomba unachotaka kujua."

Nilishangaa. Zamani zile mtoto alisikiliza wakubwa wakipanga, akaambiwa funga nguo zako. Lakini udadisi ulikuwa ugonjwa wangu, na nilikuwa nimepewa ruhusa.

"Mjomba, hiyo shule inaitwaje?"

"Aa, ziko nyingi."

"Nikiwa shuleni, mtoto atabaki na nani?"

Akakohoa.

"Na nikitaka kurudi huku, nitarudi na nani?"

Tabasamu likamtoka usoni. Hakuniangalia tena, alimwangalia shangazi.

"Nani amemfundisha mtoto huyu kuhoji wakubwa?"

"Mimi."

"Yatima hachagui, dada. Unamlea kiburi."

Hapo shangazi akasimama, akahamia Kinyiramba, lugha yake ya hasira. Mengi siyarudii. Moja nitakwambia: alisema kuku wapo sokoni, ila hapa nyumbani hakuna kinachouzwa. Mjomba akarudisha gauni kwenye begi, akaondoka. Nililia kwa ajili ya lile gauni mpaka nikapata kwikwi, na shangazi aliniacha nilie.

Mjomba alikwenda nyumba nyingine, akamchukua Mariamu, yatima mwenzangu niliyesoma naye darasa moja. Mariamu alirudi tumeshakuwa wasichana wakubwa. Alikuwa amenenepa, anajua kupika, kufua na kubembeleza. Kusoma alikuwa amesahau.

"Mjomba alikupiga?" nikamuuliza.

"Hata. Nilikula vizuri. Ila kila nikimuuliza shule, alisema mwakani."

Shangazi aliyasikia yote. Tangu hapo mlezi mbaya wa hadithi zake akabadilika: akawa mtu wa meno meupe, mpole, anayeleta pipi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ujasiri wa yatima si kupigana na chatu. Ni kumtazama mtu aliyekushikia pipi, ukamuuliza kwa adabu: unanipeleka wapi, na nitarudije? Kuuliza si ujinga. Na akikujibu, usisikilize maneno peke yake, tazama na uso. Mwenye nia njema hata akichoshwa na maswali yako atakujibu. Mwenye jambo lake atakasirika. Nawe ukija kulea mtoto wa mwenzako, mwache akuulize hata yale yatakayokuchoma, kwani siku atakapoacha kuuliza hutajua tena anachofikiri.

Mungu akujalie kinywa kisichoogopa, mwanangu, na akuzungushie watu wasiokiogopa kinywa chako. Amina.