Maksai Wawili wa Kulia

Atai wa Kisoko hakuzaliwa mjinga. Ujinga alijifundisha mwenyewe, siku ya mazishi ya shangazi, alipomwona Brian akisimama mbele za watu na kusoma Biblia kwa Kizungu.

Brian ni mtoto wa Okanya wa Mwello, kaka wa mume wake, na alikuwa anasoma privet, shule ya kulipia. Vincent wa Atai alikuwa shule ya serikali, darasa la tatu, na ukimpa pakiti ya chumvi akusomee, anaangalia picha. Huko watoto wanajaa kama dagaa ndani ya gunia, mwalimu anafika akitaka. Hiyo ni kweli, kuiona si kosa. Kosa ni kilichofuata.

"Baba Vincent, tuuze ng'ombe mmoja," alimwambia Okedi.

"Hao wawili ndio wanalima. Ukitoa mmoja, anayebaki ni nyama inatembea tu."

"Ndugu yako ana wawili. Si utaazima?"

"Basi niende nimwambie."

"Ngoja mvua ije. Ukienda sasa, mama Brian atatangaza Mwello yote kwamba tunauza ng'ombe kwa wivu."

Na wivu ulikuwepo, wa kutosha kijiji. Okedi, mwanaume mwenye mdomo wa kulia chakula tu, akaenda kufungua zizi. Wakampeleka ng'ombe soko la Busia kwa njia ya nyuma, wasionekane. Walimtoa yule wa kushoto. Wakati wa kulima, wa kushoto hutembea juu pakavu, hachoki sana, ananenepa. Akabaki wa kulia, yule anayekanyaga ndani ya mfereji wa plau, analia zizini kama mjane.

Vincent akapata viatu, godoro na sanduku la bati. Akaenda privet.

Mvua ikaja. Okedi akaenda Mwello, akakuta ng'ombe mmoja zizini.

"Mwenzake wapi?"

Okanya akaangalia vidole vya miguu. "Unafikiri Brian anasoma kwa pesa gani? Nilikuwa nasema nitakuja kwako."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Watoto wa tumbo moja, kila mtu anaficha zizi lake.

"Basi si kitu," Atai akasema walipofika Kisoko na ng'ombe wa Okanya. "Mmoja na mmoja ni jozi."

Lakini Okanya naye alikuwa ameuza yule mnene. Wote wawili waliobaki walikuwa wa kulia. Walipofungwa nira, kila mmoja alitafuta mfereji, wakasukumana kwa mabega kama walevi wanagombania mlango, mpaka nira ikavunjika. Hapakulimwa hata pa kuzika kuku.

Atai alilima kwa jembe la mkono. Mtama ukaota pale mkono wake ulipofika, na mkono wa mtu mmoja haufiki mbali. Karo ikakosekana, na privet hawapokei pole. Vincent akarudishwa na bodaboda, sanduku kwenye mapaja.

"Shule ya serikali itampokea," Atai akasema. "Haikatai mtoto."

"Nani atatembea mbele ya ng'ombe?" Okedi akauliza. "Huyu wa Okanya lazima ajifunze kushoto, na bila mtu wa kumvuta hajifunzi. Msimu huu tu."

Atai, aliyekuwa na maneno mengi wakati wa kuuza, akachukua jembe lake.

Vincent akashika kamba. Alivaa shati la privet, maana lingine lilikuwa limembana. Alimwita ng'ombe kwa Kizungu, kile kidogo alichoshika kule.

"Mwambie kwa lugha anayoijua," Okedi akamwambia kutoka nyuma ya plau. "Huyo hajasoma."

Ng'ambo ya shamba, shule ya serikali wakagonga chuma cha gurudumu, ndiyo kengele yao. Vincent akasimama, akageuza kichwa. Ng'ombe naye akasimama.

"Vuta," baba yake akasema.

Atai alikuwa ameinama na jembe lake mwisho wa shamba. Alisikia chuma, akasikia na neno hilo. Hakuinuka.