Mtani wa Ng'ambo ya Mto

Zamani za Mdachi, sisi wa milimani tukisema "nchi" hatukuwa na maana ya ramani. Nchi ilikuwa mlima mmoja, maji yake, mashamba yake na makaburi yake. Yetu ilikuwa ya juu, kule mawingu yanakoshinda yamelalia migomba, na chini yetu, ukivuka mto, kulikuwa na nchi mbili nyingine. Hizo tatu zilikuwa na umoja tangu kabla bibi yangu hajazaliwa. Kesi kubwa zilikatwa pamoja, na adui akija ngoma ilikuwa moja. Mdachi alipojenga boma Morogoro na kuanza kudai watu wa kazi, lilikuwa baraza hilohilo la nchi tatu lililokaa kuamua nani aende.

Ugomvi ulizaliwa hapo. Sisi wa juu tuliona kila mara vijana wanaotajwa ni wetu. Sijui kama ilikuwa kweli. Wa chini nao walikuwa na hesabu zao, na kila mtu anaona mzigo wa kichwani kwake ndio mzito. Mimi ninachojua ni kwamba kaka yangu mkubwa alitajwa, akapelekwa kwenye kazi ya reli, akarudi na kikohozi kisichoisha. Akafa akiwa amekaa, ameegemea ukuta, maana akilala alikosa pumzi. Tangu siku hiyo mama yangu hakutaka tena kusikia habari za umoja.

"Umoja gani?" alikuwa akisema. "Umoja wa kunila mimi?"

Basi ikaitwa kura. Kwetu nyumba na shamba ni vya mwanamke, vinatoka kwa mama kwenda kwa binti, mume huja na jembe lake tu. Kwa hiyo waliopiga kura walikuwa wenye majiko. Kila mwenye jiko alete ukuni mmoja. Anayetaka tujitoe aulaze upande wa juu wa njia, anayetaka tubaki aulaze upande wa chini. Wanaume walisimama pembeni wakipiga kelele kama watu wanaotazama ngoma ya wenzao. Mzee mmoja akawaonya kina mama kwamba figa moja haliinjiki chungu, wakamwambia anyamaze, chungu chenyewe hajawahi kukiinjika hata siku moja.

Mama hakuleta ukuni. Alileta gogo. Alilibeba mabegani, mwanamke mwembamba vile, akalitupa upande wa juu kwa kishindo. Kisha akageuka akahutubia. Loo, mama alijua kusema! Akasema nchi isiyoweza kuwaficha watoto wake si nchi, akasema bora tule magimbi peke yetu kuliko kula wali na wanaotuuza. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa binti niliyekwisha kuolewa lakini jiko lilikuwa bado lake, kwa hiyo sikuwa na ukuni wa kuweka. Ningekuwa nao ningeuweka chini. Sikusema. Nani angethubutu?

Lundo la juu likalishinda lile la chini kwa mbali, na kuni za pande zote mbili zikapikiwa karamu ileile jioni hiyo.

Kulipokucha ndipo nilipoona kura ni kitu gani. Jirani yetu wa kulia akaacha kuja kuomba moto. Wanaume waliooa kwetu kutoka ng'ambo wakawa wanataniwa, "Mgeni, kwenu lini?", na utani huo haukuchekesha, kwa sababu waliotania hawakuwa watani wao. Mwanamke mmoja alikuja kwa mama huku anafuta macho kwa ncha ya kanga. Alikuwa ameweka ukuni juu, kumbe hakutaka tujitoe. Alidhani upande wa chini utashinda tu, akataka wakubwa waingiwe na woga kidogo. Mama akamwambia, "Kuwatisha kwenyewe ndiko huku, mwanangu. Wewe huoni ulivyotishika?"

Aliyefanywa jumbe wa nchi yetu mpya alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, tumbo moja. Akavaa koti la kuazima akateremka bomani na wazee kupeleka habari. Akida, msimamizi wa majumbe, mtu wa pwani mwenye kanzu iliyopigwa pasi, alisikiliza habari za kuni na njia, akacheka mpaka akashika kofia yake isianguke. Mdachi mwenyewe hakuuliza chochote. Alichotaka ni mtu wa kuchapwa kazi isipofanyika, na sasa amempata mmoja zaidi. Akaagiza kila nchi itoe watu wake yenyewe. Mzigo tuliokuwa tukigawana watatu, na kuugombania, sasa kila mmoja akapewa wake mzima.

Mjomba alirudi. Siku chache baadaye akaanza kukamata watu wa ng'ambo waliovuka mto, akiwapeleka bomani kujaza hesabu, kana kwamba ni watu wetu. Jumbe wa ng'ambo naye akafanya hivyohivyo kwa wetu. Wanaume wakaacha kuvuka. Wanawake tu ndio tuliovuka, na sisi tulivuka kwa haraka.

Katika kelele zote zile za kura, za barabara, za reli, za vijana, hakuna hata mmoja aliyekumbuka mahali watani wetu wanapokaa. Hebu fikiria! Kwetu mwiko mkubwa ni ndugu kushika jembe kwenye kaburi la ndugu yake. Anayezika ni mtani. Ndiye anayechimba, ndiye anayebeba, ndiye anayemtukana maiti ili wafiwa wapate kucheka, na mwisho ndiye anayefagia nyumba na kuvunja matanga. Na watani wa ukoo wetu, wote, walikuwa ng'ambo ya mto. Tulijitoa kwenye umoja tukawaacha huko wazishi wetu.

Mama aliugua msimu wa mbaazi. Kifua. Alipojua haponi, hakuzungumza habari za mashamba wala za wajukuu. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mtani wangu atakuja?"

Mtani wake huyo alikuwa mwanamume wa makamo, mfupi, kichwa kikubwa, mdomo mchafu kuliko wote mlimani. Ndiye aliyemzika kaka yangu. Walikuwa wakitukanana tangu mama akiwa mwali. Alikuwa akimwita mama kinyonga, mama akimwita chura wa bwawani. Akipita akamkuta jogoo wetu, anamkamata na kuondoka naye, na mama anamfuata na mchi huku amekufa kwa kicheko. Tangu kura hawakuwa wameonana.

"Atakuja, mama," nikasema.

"Usinidanganye. Akivuka watamkamata. Na anayemkamata ni mdogo wangu." Akageukia ukutani. "Mimi nililibeba gogo lile kwa ajili ya mwanangu. Sikujua kwamba najizibia kaburi." Alilia, na mama yangu hakuwa mtu wa kulia.

Alikufa alfajiri. Mjomba akaja, akasimama mlangoni, koti lake mkononi. Nikamwambia nakwenda kumwita mtani. Akatazama chini.

"Mwambie kama anataka aje," akasema. "Lakini boma wamenidai watu wa barabara, na bado mmoja. Sitaki useme sikukwambia."

"Mjomba, huyu anakuja kumzika dada yako."

"Najua dada yangu ni nani."

Nikateremka peke yangu. Nilimkuta mtani akipalilia. Kabla sijafungua mdomo alikwisha kuniona nilivyojifunga kanga, akajua. Akasema kwa sauti, "Amekufa kweli, au anajifanya ili nimpelekee chumvi?" Akacheka. Kisha akakaa pale pale kwenye majani, akaufunika uso kwa mikono yake yenye udongo.

Mkewe akatoka. "Huendi," akamwambia. "Nchi ni yao, wameitaka, wazike wenyewe." Vijana wake nao wakakataa kabisa kumsindikiza. Sikuwalaumu. Nikamweleza wazi aliyoyasema mjomba, neno kwa neno, maana sikutaka avuke kwa kudanganywa. Alisikiliza, akapukuta jembe, akaliweka begani.

"Nikimwacha," akamwambia mkewe, "atanisumbua mpaka lini? Akiwa hai alikuwa na kelele, je, akiwa mzimu?"

Alichimba peke yake, kazi ya watu wanne. Wanaume wetu wenye miili yao walisimama kulizunguka kaburi, mikono nyuma, wakimtazama akitoka jasho, kwa sababu mwiko ni mwiko. Nyuma yao walisimama wasaidizi wawili wa mjomba na kamba. Mtani aliwaona. Akachimba huku akimwigiza mama siku ya kura, ile sauti yake, ule mkono wake kiunoni: "Bora tule magimbi peke yetu!" Halafu kwa sauti yake mwenyewe: "Haya, kula. Udongo huu nao ni wa kwenu, hakuna wa chini atakayekunyang'anya." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilicheka nikalia papo hapo, na wallahi sijapata kushukuru tusi kama lile.

Alipokwisha kufukia, akaketi pembeni kupumua. Mjomba akawaashiria wale wenye kamba.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Mimi huwa mkali wa maneno nyumbani, mbele ya wakubwa ni bubu. Nikasimama katikati.

"Mjomba, shikamoo."

Akashangaa. Tulikwisha kuamkiana asubuhi. "Marahaba," akasema.

"Matanga yamevunjwa?"

"Bado."

"Nyumba imefagiwa?"

"Bado, mwanangu."

"Basi huyu bado yumo nyumbani kwa marehemu. Jiko lile sasa ni langu. Ukimtoa mtani kwenye matanga kabla hajafagia, ni nani atakayekuzika wewe?"

 Wasaidizi wa mjomba wakaishusha kamba, maana wao pia walikuwa na watani wao ng'ambo, wao pia walikuwa watu wa kufa.

Ufagio nikauficha. Siku ya desturi ya kuvunja matanga ikafika, nikasema bado nina uchungu. Ikapita, nikasema bado. Nilidhani watu wataniona mwendawazimu, na chakula kitaisha. Asubuhi moja jirani yetu wa kulia, yule aliyeacha kuomba moto, akaja na kikapu cha unga akakitua jikoni. Akafuata yule aliyetaka kuwatisha wakubwa. Wakaja wa ukuni wa juu na wa ukuni wa chini, huyu na ndizi, yule na mbaazi, wakakaa wakaomboleza nami kwa bidii kuliko siku ya kifo. Mtani akanenepa. Akalalamika kwamba mchuzi wangu hauna ladha kama wa marehemu.

Siku ya boma ilipofika, mjomba alikwenda na upungufu wa mtu mmoja. Hakutaja mtoto wa mtu mwingine kujaza nafasi ile. Nampa haki yake kwa hilo mpaka leo. Wakamlaza chini wakampiga viboko, hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, yeye jumbe, na koti lake. Alirudi amebebwa. Tukamlaza kifudifudi ndani kwa mama, na aliyekaa karibu naye kumfukuzia nzi alikuwa mtani.

"Jumbe mzima," akawa anamwambia, akipepea. "Mgongo umekuwa kama shamba lililolimwa matuta. Tupande nini hapa?"

Mjomba alicheka, akaguna kwa maumivu, akacheka tena. Kisha akasema, uso mkekani, "Samehe, mtani."

"Samehe nini? Wewe ndiye uliyelazwa."

Kesho yake nikautoa ufagio. Mtani akafagia, matanga yakavunjika, na mjomba aliyekuwa hawezi hata kuvaa shati akasema anamsindikiza hadi mtoni mtu asimguse. Nami nikaenda. Nchi zetu hazikuungana tena, hilo lieleweke. Hakuna aliyeita kura nyingine. Lakini tangu hapo mwenye jembe la kuzika alivuka bila kuulizwa, kwetu na kwao.

Majini, mtani akasimama. Akaacha mzaha, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Mama yako ndiye angenizika," akasema. "Sasa ni wewe. Siku yangu usichelewe, na uje na matusi ya kutosha."

Nikamwahidi. Nikaanza kuyaweka hata hayo matusi, nikisikia zuri nalihifadhi.

Vita ya Wadachi na Waingereza ilipokuja, walikusanya wapagazi kila nchi, na safari hii hakukuwa na matanga ya kumficha mtani. Alifungwa mzigo wa risasi akaondoka na msafara kuelekea Rufiji, pamoja na wengi wa kwao na wengi wa kwetu. Waliorudi walisema alianguka njiani, wakatwishwa mzigo wake waliokuwa hai, wakaambiwa wasisimame. Niliwauliza ni wapi. Niliuliza kila aliyerudi, mmoja mmoja. Mmoja akasema kwenye majani marefu. Mwingine akasema karibu na maji. Nilikwenda kwa mkewe na jembe begani, sijui kwa nini nilichukua jembe, tukakaa mlangoni mimi na yeye, na sikuwa na mahali pa kuchimba.