Ng'ombe Niliyesahau Kumbadili

Safari hii ilitokana na mimi, kwa hiyo naona ni haki niisimulie mimi, ingawa kwenye kikundi wapo wanaoandika vizuri kunizidi. Niliishia darasa la saba. Kituo chetu cha sanaa hapa Bariadi hupeleka ngoma na maigizo vijijini na kufundisha vikundi vya shule, mnalijua hilo. Kabla ya kutunga, mmoja wetu hutangulia kijijini akakaa na watu, akawasikiliza. Msimu ule nilitangulia mimi, kijiji kimoja mbele ya Lalago. Jina lake naliacha. Mtaona kwa nini.

Huko nilipokelewa na mama mmoja, nitamwita Mayu Kabula; mayu ni mama kwa Kisukuma. Siku moja tukiwa tunamenya karanga mlangoni kwake, akanieleza jambo alilosema hajawahi kumwambia mtu. Binti yake alipomaliza darasa la saba, kaka za mumewe walimtafutia mchumba, na ng'ombe wa kwanza wa mahari akaletwa. Alfajiri moja mama akamfungua yule ng'ombe, akamswaga mpaka kwenye njia ya kwao, akarudi kulala. Ng'ombe akajirudia alikotoka. Mumewe akauambia ukoo kwamba mnyama amekata kamba mwenyewe, maana yake wazee waliotangulia hawaitaki ndoa hii. Ukoo ukaogopa. Mambo yakaisha, binti akaenda sekondari.

"Mpaka leo baba yake hajui," akaniambia, akacheka huku ameziba mdomo.

Hakuniambia nifiche. Wala hakuniambia nikalitoe. Nimelipima hilo mara nyingi, na kila nikilipima linaniangukia mimi.

Nikatunga igizo. Nilibadili jina la mama, la binti na la kijiji, na mume nikamfanya fundi baiskeli. Kiongozi wetu, Mwalimu Mgaya, aliniuliza, "Umewaficha watu wote?" Nikamjibu wote. Ng'ombe nilimwacha alivyo. Tulishona shuka, tukalipaka rangi zilezile alizonitajia mama, na pembe tukazifunga zikakaa vilevile kama za yule mwenyewe. Nilidhani hayo ndiyo yanayonogesha igizo.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Bariadi na pikapu ya kituo, ngoma nyuma, sisi juu ya ngoma. Maswa tulisimama kunywa chai. Mwalimu Mgaya akaniambia mbele ya wenzangu, "Dada, hili igizo lako litatufikisha mbali." Naona aibu kuandika jinsi nilivyofurahi. Nilimnunulia hadi dereva chapati.

Kabla ya kufika Lalago lami ilikuwa imeshatuacha zamani, vumbi limetufanya wote wa rangi moja. Mzee mmoja akatusimamisha, akauliza kama tumeona ng'ombe wake aliyepotea. Akamweleza: rangi ya mgongo, ya tumbo, doa liko wapi, pembe zimekaaje. Dereva akamtania, "Mzee, na mkeo unaweza kumweleza hivyo?" Mzee akajibu, "Mke wangu hapotei." Tukacheka mpaka tukamwacha nyuma. Hata hapo sikufunguka akili.

Saa nane mchana tulikuwa uwanja wa shule. Mayu Kabula alikuwa ameketi mbele kabisa juu ya khanga.

"Mwadila, mayu!" nikamsalimia.

"Mwadila! Umenenepa. Ndiyo mjini hiyo?"

Nilimwambia leo atacheka. Mumewe alikuwa upande wa pili, kwenye mabenchi, katikati ya kaka zake. Ni mtu mwembamba, mpole, asiyezungumza sana.

Mke nilimcheza mimi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ng'ombe wetu wa shuka alipoingia. Bibi mmoja akapiga kelele, "Hee! Huyo si wa kwa Masunga huyo?" Na kwa Masunga ndiko mahari ile ilikotoka. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikaona vichwa vinageukia mabenchi. Nilikuwa nimeshashika kamba ya ng'ombe mkononi. Ningeweza kusimama, nikasema naumwa tumbo, chochote. Lakini niliendelea, nikamfungua, maana ndivyo nilivyozoea tulipofanya mazoezi.

Sasa, desturi ya kazi yetu ni kwamba igizo husimamishwa katikati, na mtazamaji anayeona mhusika amekosea huingia akachukua nafasi yake. Mwalimu Mgaya akauliza nani ataingia. Mume wa Mayu Kabula akasimama.

"Karibu, baba, karibu! Unachukua nafasi ya nani?"

"Ya mume."

"Hiyo unaiweza!" mtu akadakia, watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Akaja akasimama mbele yangu.

"Mke wangu, nani alimfungua ng'ombe?"

Nikamjibu, "Alikata kamba, baba."

"Kamba niliishika asubuhi ile. Ilikuwa nzima."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote alikuwa anajua. Nilimtazama Mayu Kabula, amejifunika uso kwa upindo wa khanga. Mumewe akanigeuzia mgongo, akawatazama kaka zake.

"Nilimfungua mimi," akasema. "Mtoto alitaka shule, na sikuwa na ubavu wa kuwaambia ninyi. Msije mkamsumbua mwanamke."

Watu wakapiga makofi. Nisiwaonee, wengine waliamini ni uigizaji. Lakini kaka yake mkubwa alichukua fimbo yake akaondoka bila kuaga.

Jioni, kabla ya kupanda gari, nilikwenda jikoni kwa Mayu Kabula. Nikapiga magoti.

"Nisamehe, mayu."

"Jina langu ulilibadili," akasema.

"Ndiyo."

"La binti ukalibadili."

"Ndiyo, mayu."

"Ng'ombe ukamwacha. Wewe ni Msukuma wa wapi?"

Akakoroga chungu kwa muda. Kisha akasema, kama anajisemea, "Alikuwa anajua. Alinifichia, na mimi nikamfichia. Tulikuwa tunakaa vizuri." Akanipa viazi vitamu kwenye sahani. "Kula, njia ni ndefu." Nilikula. Kukataa kungekuwa kosa la pili.

Njiani kurudi wenzangu waliimba. Mwalimu Mgaya alisema hajapata kuona mtazamaji aliyeingia kwenye nafasi kwa nguvu vile. Tulipofika Maswa nikamweleza. Akasema kosa tugawane, maana hata yeye hakuuliza habari za ng'ombe. Sikukubali. Yeye ametokea Iringa. Mimi nimekulia zizini.

Hapa Bariadi nimeomba igizo lile lisichezwe tena. Wapo waliobisha kwamba kuna mabinti lingewasaidia, na siwezi kusema wamekosea. Nilichojifunza ni kidogo: niliazimwa hadithi, nikaicheza uwanjani kabla ya kumsimulia mwenyewe nilivyoitengeneza. Angesikia neno moja tu la ng'ombe, angenikataza. Sasa kituoni tumekubaliana kwamba mwenye hadithi huisikia kwanza, yeye peke yake. Ni utaratibu mzuri, ila aliyeulipia ni mtu mwingine.

Juzi Mayu Kabula alinipigia simu. Binti yupo shuleni, hakuna aliyemgusa. Baba yake ndiye amefungiwa vikao vya ukoo. Mpaka lini, hawajasema.

"Siku za kikao anakaa nami hapa," akasema. "Hajui aweke wapi mikono."

Nikamwuliza kama naweza kuja kumwomba mumewe msamaha.

"Njoo. Usije na gari la ngoma."

Nitakwenda kwa basi. Sijui nitamwambia nini baba yule. Nitamsalimia, nitakaa atakaponionyesha, na safari hii sitauliza kitu.