Siku Nilipomtaka Waziri Ataje Jina

Ukifika Bwera leo ukauliza mbunge anakaa wapi, huenda wakakuzungusha, lakini ukimuulizia Mheshimiwa Sufuria, hata wale wabadilisha fedha wa pale mpakani watakunyooshea kidole bila kuinua macho. Ndiye mimi. Sikatai tena. Nimekataa mwaka mzima na jina limezidi kunona, kwa hiyo naona niwaeleze mwenyewe nilivyolipata, maana mkilisikia kwa watu wa bodaboda wataongeza chumvi (na chumvi naijua, nimeiuza miaka mingi kutoka Katwe kabla sijaingia siasa).

Ilianza na sherehe ya shukrani. Nilikuwa nimeshinda uchaguzi, na kwetu mtu akishinda hawezi kukaa kimya ndani ya nyumba yake, lazima awalishe waliompigia kura na hasa wale ambao hawakumpigia, basi tukapanga Jumamosi nyumbani kwangu, kule juu kupita Munkunyu, tenti zikafungwa, wapishi wakaja, matoke yakamenywa tangu alfajiri. Kilichokosekana ni lori la viti na masufuria makubwa, lilikuwa limekufa njiani likitoka Kasese. Mimi nilikuwa chumbani nachagua kanzu itakayonikaa vizuri tumboni (tumbo la kampeni, msiniulize), simu ikalia. Alikuwa Thembo, ndiye aliyeendesha kampeni yangu, mtu ninayemwamini kuliko baadhi ya ndugu zangu.

"Haji, lori imekataa," akasema. "Lakini hapa senta, kwa maduka, iko gari moja ya gavumenti, dereva anasema atatusaidia mara moja tu."

Ningeuliza maneno mawili tu, gari gani, nisingekuwa hapa nawasimulia. Lile neno gavumenti nililisikia, nisiwadanganye, na moyoni nikafikiri ni ile pikapu ya watu wa kilimo ambayo kila mtu hubebea mabati yake. Nikamwambia, "Fanya haraka, wageni wanafika." Nikarudi kwenye kanzu.

Sherehe ilifana. Masufuria yalishushwa nyuma, upande wa jikoni, sikuliona gari wala dereva, nilikuwa mbele napeana mikono mpaka kiganja kikauma. Jioni Thembo alinipitia akiwa na uso wa mtu aliyemeza mfupa, nikamuuliza vipi, akasema amechoka, nikamwambia akapumzike.

Miezi michache baadaye mama mmoja alinikamata sokoni Bwera. Anaitwa Masika, mkulima wa milimani, kila siku ya soko huteremka na maharage yake, na siku hiyo alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Hakunisalimia kwa shangwe kama wengine. Aliniambia, "Mheshimiwa, huyu mutoto alizaliwa kwenye barabara."

Akanieleza polepole, kama mtu anayetaja bei. Uchungu ulimshika asubuhi, akateremka mpaka kituo cha afya cha kwao, nesi akaona damu ni nyingi, akamwambia lazima apelekwe hospitali kubwa. Ambulansi ya kituo ilikuwa imelala nyuma ya jengo, majani yameshafika mlangoni, haitembei. Wakampandisha boda, yeye katikati, dada yake nyuma akimshikilia, na walipofika kwenye mteremko hakuweza tena.

"Nilizaa pale chini, juu ya leso ya mutu nisiyemujua," akasema. "Yule wa boda alitugeuzia mugongo, analia. Mimi niko hai, mutoto iko hai. Lakini kule juu wanawake wengine beko na mimba. Wewe uko Kampala. Uende uulize hiyo gari itatengenezwa lini."

Nilishikwa na hasira ya kweli, na hilo nataka mliamini, sikuwa naigiza. Lakini hasira ya mwanasiasa haikai peke yake, ndani yake kuna kitu kingine kinachotaka kuonekana. Nilipokaa kuandika swali la kumuuliza waziri bungeni, lile swali dogo la Masika likaanza kuota mapembe: nani aliliua gari lile, nani alinyamaza, nani atawajibika. Nikampigia Thembo nikamsomea.

"Haji, hiyo uache," Thembo akasema. "Uliza juu ya barabara."

"Kwa nini barabara?"

"Barabara iko na vumbi mingi."

Nikamwona mwoga. Nikamwambia aende redioni, aombe watutangazie moja kwa moja siku hiyo, kisha afunge spika kubwa pale senta ya Bwera ili watu wasikie mbunge wao anavyofanya kazi. (Naam, aibu yangu niliikodishia spika mwenyewe.) Thembo akasema, "Sawa, Haji," kwa sauti ambayo leo naielewa.

Siku ilipofika nilivaa suti mpya. Nikasimama, nikauliza kwa Kiingereza nilichokifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima, nikawaeleza wabunge habari za Masika, mteremko na ile leso, na ukumbi ulitulia kweli, hata wale wanaosinziaga walifumbua macho. Huko Bwera mtangazaji alikuwa anatafsiri sentensi kwa sentensi. Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini nikainua kidole nikasema, "Mheshimiwa Spika, namtaka waziri ataje jina la aliyehusika, hapa hapa, leo."

Waziri alikuwa mama wa makamo, mtulivu, mwenye miwani ya kamba shingoni. Akafungua faili lake, akaniangalia, akalifunga. "Mheshimiwa Spika, naomba nimjibu mheshimiwa kwa maandishi."

Alikuwa ananihurumia, jamani. Mwenye akili angeketi. Mimi nikasimama tena, nikasema wananchi wangu wanasikiliza sasa hivi na hawawezi kusubiri barua.

Akavaa miwani. Akasema kilichomo mkononi mwake ni nakala ya daftari la dereva wa ambulansi, akasoma taratibu kama mwalimu anayeita majina darasani: Jumamosi, asubuhi, kutoka senta, viti vya plastiki, masufuria makubwa, mbuzi wawili, mpaka nyumbani kwa mheshimiwa mbunge, kwa ruhusa yake kwa simu. Jioni, kurudisha viti na masufuria, gari likazidiwa na uzito, likagonga jiwe, chini kukapasuka, oili yote ikamwagika. Halijatembea tena tangu siku hiyo.

Kwanza hakuna aliyecheka. Halafu mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Na mbuzi?" na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Spika akagonga meza, akaniuliza kama nina swali la nyongeza. Nilisimama, na mdomo wenyewe, kwa mazoea tu, ukasema, "Nashukuru kwa majibu mazuri ya waziri." Nikaketi.

Kule Bwera, nilikuja kuambiwa, Thembo alipolisikia neno daftari alikimbilia waya wa spika aung'oe, watu wa boda wakamshika mikono wakamwambia, "Kaka, wacha tusikie mbunge wetu."

Jioni alinipigia, akalia. Alisema alijua tangu ile Jumamosi, na kila siku iliyopita ikafanya iwe ngumu zaidi kuniambia. Nilitaka kumfokea nikaona sina haki. Aliomba ruhusa, mimi ndiye niliyeitoa, tena bila kuuliza.

Mwisho wa wiki nikapanda milimani kwa Masika, peke yangu, bila Thembo. (Pale senta kijana mmoja aliniimbia "Sufuria" mpaka nikapotea kwenye kona.) Nilimkuta uani anapukuchua maharage, mtoto amelala kwenye mkeka pembeni yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akanisogezea kigoda.

Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Sikujua ni gari la wagonjwa. Lakini sikuuliza pia."

Akaendelea kupukuchua. "Nilisikia kwa redio," akasema. "Siku mbili sikula vizuri. Nilikuwa naona hiyo masufuria imekaa pahali pangu, kwa ile kitanda ya gari."

Neno hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko cha bunge zima, mpaka leo.

Baadaye akauliza, "Na waziri alisema itatengenezwa lini?"

"Hakusema."

"Ulimuuliza?"

Nikatafuta kichwani. Nilikuwa nimeuliza nani, nikauliza nani tena, nikashukuru kwa majibu mazuri. "Sikumuuliza," nikasema.

"Haji," akasema, "mimi sikukutuma kutafuta mutu. Nilikutuma kwa gari. Rudi uulize."

Nikarudi. Nilipoinuka bungeni wiki iliyofuata, mbunge mmoja alianza kugonga meza kwa kalamu kama anapiga sufuria, wengine wakamfuatia, nami nikasubiri nimesimama, masikio yanawaka, mpaka wakachoka. Nikasema kosa ni langu na gharama ya kulitengeneza gari ni yangu, dereva aliyesimamishwa kazi kwa safari ile arudishwe maana alifuata neno langu, na naomba kujua litatengenezwa lini. Hakuna kioo nilichofanyia mazoezi safari hiyo. Waziri hakucheka. Alitaja mwezi, na mwezi huo huo gari likavutwa kwenda gereji.

Siku liliporudi, kituo kiliandaa sherehe ndogo, wakafunga utepe mwekundu kwenye boneti, wakanitaka nikate na niseme machache. Hotuba nilikuwa nayo mfukoni (ndiyo, niliandika, siasa ni ugonjwa). Wakawa wanatafuta mkasi. Kabla haujapatikana nesi akatoka mbio na simu mkononi, kuna mama kule juu hali yake si nzuri, na dereva hakusubiri ruhusa ya mtu, akaruka ndani, akawasha. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya njia.

"Haji, songa," Masika akaniambia. "Unaziba."

Nikasonga. Gari likapanda mlima na utepe wake haujakatwa, na watu wote wakaligeukia, hakuna aliyebaki kuniangalia. Hotuba ile sikuisoma. Na nimeapa, kwa Mungu wangu, mtu akinituma na swali tena nitalipeleka kama alivyonipa, kisha niketi.