Aibu ya Karavani Chini ya Ngong

Jamani, leo nimepita chini ya vilima vya Ngong na nikaona aibu upya.

Ni mambo ya miaka ya sabini. Mutua, mume wangu, alikuwa fundi wa magari pale Dagoretti Corner. Aliazima karavani ya mteja, tukaenda kupiga kambi pale na binti yetu mdogo, Ndinda.

Karibu nasi kulikuwa na hema la bwana mmoja wa Mombasa na mkewe.

Huyo bwana hakuacha kutuangalia. Kila nikigeuka, macho yako kwetu!

"Mutua, huyu mtu simwamini."

"Hata mimi. Wacha nijifanye naenda kuteka maji, tuone atafanya nini."

Alipoondoka tu, yule bwana akaja mbio akainama kwenye gurudumu la karavani yetu. Na Ndinda amelala ndani! Nikapiga kelele. Mutua akarudi akamkamata kola.

"Unaiba nini hapa?"

"Niache, bwana wee! Jiwe lateleza!"

Kumbe jiwe tulilozuilia gurudumu lilikuwa limeteleza, karavani imeanza kuteremka, naye anaizuia kwa bega. Tukaisukuma sote watatu, Mutua akatia jiwe kubwa zaidi.

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nikawaita chai, nikaomba radhi.

Mke wa yule bwana akacheka. "Mume wangu aliliona lile jiwe tangu asubuhi, lakini akaogopa kuwakaribia. Wallahi, tulidhani nyinyi ndio wezi. Hata redio yetu tumeifungia ndani ya gari!"

Haya, semeni ukweli. Nyinyi mngemwamini nani?