Filamu ya Mazishi ya Ndugu Yangu

Nauza muvi Kayole. Unaniletea flashi, nakujazia. Wengi huja na neno moja tu, nipe kitu kali, nami sina haya, nawaambia ukweli: risasi na magari ya kuruka utayasahau kabla hujafika kwako. Tafuta picha ambayo kamera inakaa kwenye uso wa mtu hadi unaona aibu kuutazama. Na ukitaka sanaa ya bure, nenda Umoja ukaangalie vichwa vilivyochorwa kwenye ukuta wa kinyozi wa mtaani kwetu. Aliyevichora masikio yalimshinda kabisa, lakini macho aliyajua. Wakiniuliza ni filamu gani imenikaa zaidi rohoni, hapo nanyamaza, kwa sababu ni ya mazishi.

Kwetu magharibi mwa Kenya, mtu akizikwa lazima apigwe video. Walioshindwa kusafiri hukusanyika sebuleni Jumapili, chai na mandazi, wakalia upya. Ndugu yangu mkubwa aliungua kiwandani, Industrial Area, boila ya mvuke ilipopasuka akiwa zamu ya usiku. Mama alikuwa amelazwa, nyonga imevunjika, nami nikabaki naye hospitalini huku wengine wakimpeleka marehemu nyumbani. Kwa hiyo mimi na Mama hatukumzika.

Mama aliporudi Umoja akakataa kuomboleza. Kila jioni alipakua ugali wa ndugu yangu, akaufunika kwa sahani nyingine, akauacha mezani, vile alivyofanya miaka yote ya zamu. Asubuhi tunaukuta umekauka. Nikimwambia ameenda, ananijibu kwamba yeye hajaona mtu akienda. Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika na moyo ukinichanika.

Video ikaja, majirani wakajaa. Kwaya, droni juu ya migomba, shangazi akizirai. Ilipofika saa ya familia kumuaga marehemu, Mama akajivuta hadi ukingoni mwa kiti. Kifuniko cha sanduku kikaanza kuinuka. Papo hapo picha ikahamia kwa magari ya mheshimiwa mbunge yakiingia getini. Ikamfuata mheshimiwa akisalimia watu, akirekebisha koti lake, hadi tukarudi kwenye sanduku na kulikuta limefungwa.

"Rudisha," Mama akasema.

Nikarudisha. Akasema tena, nikarudisha tena. Mheshimiwa aliingia getini mara nyingi hadi majirani wakaanza kuaga mmoja mmoja. Mama akachukua mkongojo wake, akaenda jikoni kupakua ugali.

Kesho yake nikamwendea mpiga video, ambaye studio yake iko hapo hapo Kayole, nikiwa nimejiandaa kumtukana mpaka ukoo. Mjinga gani huyu anaacha maiti anafuata koti? Aliniacha nikamaliza. Kisha akaniambia kwamba hakuacha kitu. Sanduku alilipiga lote, halafu akaikata sehemu ile kwa mkono wake na kubandika mheshimiwa, kwa sababu na yeye ana mama. Akanifungulia kompyuta, akatoka kusimama nje.

Nikatazama peke yangu. Kamera ilikuwa imekaa kwenye uso, bila kutikisika, vile vile ninavyowahubiria wateja wangu. Sitaki mtu yeyote aione.

Nilirudi Umoja na kile kipande kwenye flashi, mfukoni. Mama alikuwa mezani, sahani mbili zimefunikana mbele yake. Hakuniuliza nimetoka wapi.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Mama."

"Ni yeye?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Njia nzima nilikuwa nikiutengeneza, kwamba alionekana kama amelala tu. Lakini aliniangalia, nao ukanikwama.

"Sikio la kushoto tu ndilo lililobaki, Mama."

Nje watoto walikuwa wakipiga mpira kwenye geti la jirani, na jirani akiwafokea.

"Limekatika pale juu, mbwa alipomng'ata akiwa mtoto?"

"Ndiyo. Pale juu."

Flashi hakuiomba. Aliniomba maji ya kunawa. Nikamletea beseni, akanawa, akafunua sahani, akaula ule ugali wa ndugu yangu wote, polepole, huku akilia.