Nendeni Wawili

Mwenye mashine alipewa dhamana kwa sababu ambazo zote zilikuwa za kweli. Wakili wake alieleza kwamba ana nyumba ya kudumu, ana mke na watoto, ana mashamba ya mahindi na ulezi, anamiliki mashine ya kusaga inayohudumia kijiji kizima, na hajawahi kushtakiwa kwa lolote. Wadhamini wake wawili walisimama, watu wazima wenye heshima zao. Hakimu akauliza kama kuna hofu ya mshtakiwa kutoroka. Ikaonekana haipo.

Nilikuwa benchi la nyuma na wifi yangu, mke wa kaka, mama wa mtoto. Laiti angetoroka! Sisi tuliogopa kwamba hatatoroka kamwe. Kwamba kesho asubuhi atafungua mlango wa mashine kama kawaida, na binti wa kaka yangu, mwenye miaka kumi na miwili, atapita hapo akienda shule na kupeleka mahindi pale pale alipofanyiwa aliyofanyiwa. Ile nyumba, ile heshima na ile mashine, vitu vilivyomfanya aonekane salama mbele ya hakimu, ndivyo vilivyomfikisha kwa mtoto.

Mahakama ilimwamuru asimkaribie. Atakuwa amemkaribia nani, mtu aliyeketi mlangoni pa mashine yake? Kijijini kwetu mashine ni moja na njia ni moja. Hivyo aliyehama ni mtoto. Alipelekwa kwa mjomba wake anayeishi Muze, huko chini bondeni, kwenye joto na mbu ambao sisi watu wa baridi hatujawazoea, akaanza shule asikomjua mtu.

"Shangazi, kesi ikiisha ndiyo narudi?" aliniuliza kwenye simu.

Nilimjibu ndiyo. Kesi ilikuwa imeahirishwa tena.

Likizo ilipofika niliondoka Chanji, mjini ninakofundisha, nikaenda kijijini. Tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, mimi, wifi na jirani yake, binti wa jirani alipojitwika ndoo ya mahindi ya kusaga.

"Msubiri mwenzako," mama yake alimwambia bila kuinua macho. "Nendeni wawili."

"Kwa nini wawili?" niliuliza.

"Ndiyo desturi, mwalimu. Mashine wanaenda wawili."

"Na dukani?"

"Dukani hata mmoja."

"Na kisimani?"

"Wifi yako leo kawa wakili!" jirani alimwambia wifi, wakacheka. Kisha wifi akaacha kucheka. Aliangalia gunzi lililokuwa mkononi mwake.

"Siku ile mwenzake alikuwa na homa," alisema.

Hakuna mama aliyekumbuka nani alianza kusema waende wawili. Kila mmoja alikuwa ameambiwa na mwingine, akawaambia binti zake, akaishia hapo.

"Tungesema nini?" jirani alijitetea. "Kwamba anawashika mabega? Kwamba anawaita waingie ndani wakati mahindi yanasagwa? Wangetuambia tuna midomo."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani kwanza. Mahakama ilikuwa imesema mtu huyu hana rekodi, kwa kuwa ilitazama ndani ya makabati yake yenyewe. Rekodi yake ilikuwa midomoni mwa akina mama kwa miaka yote hiyo, nao walikuwa wakiwapa watoto nusu yake tu: amri bila sababu. Mtoto aliyepewa amri bila sababu huivunja siku mwenzake anapougua, na hajui amevunja nini.

Jirani alikubali kusema. Ilimgharimu, shemeji zake walimwita mchonganishi. Alisimama mbele ya hakimu akiwa na mwanamke mwingine mmoja, wakaeleza desturi ile na sababu yake. Hakimu aliwasikiliza kwa makini, nampa haki yake. Alisema hayo hayathibitishi kosa, ila yanatosha kubadili masharti ya dhamana: mshtakiwa aondoke katika kata ile mpaka kesi iishe.

Mtoto akarudi nyumbani. Nilifurahi kwa wiki moja, mpaka nilipomwona mwenye mashine dukani kwetu Chanji, ananunua chumvi. Alikuwa amehamia kwa mdogo wake, mtaa wa tatu kutoka kwangu.

"Karibu sana mtaani, mzee wangu," muuza duka alimwambia.

Mahakama haikumwambia mtu. Amri yake ilimhusu mtoto mmoja na kata moja; watoto wa Chanji hawakuwamo katika kesi. Najua kwamba mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Nafundisha uraia, nimeiandika sentensi hiyo ubaoni mara nyingi, na bado naiamini. Lakini nani aliamua kwamba mizani ikiwa haijatulia, wa kubaki gizani ni mtoto?

Jioni ile jirani yangu wa Chanji alimtuma binti yake sukari.

"Mbio, urudi!"

"Nenda na mwenzako," nilisema, kabla sijajua kama nimesema.

Jirani akanigeukia akitabasamu. "Mwalimu, duka si hapo tu? Kwa nini wawili?"

Lilikuwepo jibu rahisi, nililolisikia kijijini: ndiyo desturi. Nikaweka chini beseni nililokuwa nikioshea vyombo, nikavuka uchochoro hadi mlangoni kwake.

"Kuna mtu amehamia mtaa wa tatu," nilimwambia. "Ana kesi mahakamani, ya mtoto wa kwetu. Haijaamuliwa. Kaa nikwambie ninachokijua, na nisichokijua pia nitakwambia."